Imani ya Kijana Haijengwi kwa Siku Moja

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii inawasadifu vijana wengi wanaopelekwa kwa mshauri nasaha. Mzazi hutarajia mwanawe aingie, amwage yote yaliyo moyoni, kisha atoke amepona. Mambo hayaendi hivyo.

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka 16 wazazi wake walipotengana, akaja kuishi nami Buruburu, Nairobi. Alisusia chakula, akasusia na shule. Tulipompata mshauri, binti alihudhuria vikao vitatu bila kusema neno. Jamaa zangu walidai ni kiburi. Mimi sikukubali. Watu wazima walikuwa wamemwahidi mengi yasiyotimia. Kwa nini amwamini mmoja zaidi?

Kikao cha nne mshauri aliacha kumuuliza habari za baba. Alimuuliza kuhusu rafiki yake, ambaye walikuwa kama chanda na pete. Hapo ulimi ukalegea. Kwa rafiki huyo alikuwa ameonja utamu wa kusikilizwa, na kupitia hapo mshauri akapata njia. Muhula uliofuata alirudi shuleni.

Jambo hili lina mizizi mirefu. Mwaka wa 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alichunguza familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, nchini Uganda. Aliona kwamba mtoto mchanga anayemwamini mamaye huthubutu kutambaa mbali, maana anajua pa kurejea. Kijana naye hubeba alichofunzwa na wa nyumbani pamoja na marafiki, akaingia nacho kwa mshauri. Aliyezoea kusikilizwa hufunguka upesi. Aliyezoea kuachwa hungoja kuachwa tena. Hata hivyo, mshauri mvumilivu anaweza kumfunza kuamini upya.

Basi mzazi mwenzangu, usimhoji mtoto kila atokapo kwa mshauri. Wala usione wivu akimweleza mgeni yale aliyokuficha wewe. Siri zake na zitunzwe, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini. Na yule rafiki mwema anayebisha hodi kila Jumamosi, mkaribishe chai. Huenda ndiye anayemfunza mwanao kwamba binadamu anaweza kuaminika.