Jiko Kuukuu la Sahani Nne



Wewe unayejifunza Kiswahili umekwisha kukutana na neno jiko, na pengine limekusumbua. Ni mahali pa kupikia, tena ni chombo cha kupikia. Na ukisikia kwamba kijana fulani amepata jiko, usiharakishe kuuliza kama ni la mkaa au la gesi, kwani huenda ameoa. Wingi wake wa asili ni meko, ingawa majiko nayo imeenea. Kabla ya vyombo vya bati na chuma, jiko lilikuwa mafiga, yaani mawe matatu ya kuteleka chungu. Warundi huyaita amashiga, na sikio lako litatambua mara moja kwamba maneno hayo mawili ni ndugu.

Jiko ninalotaka kukueleza leo ni la umeme, na umri wake unanizidi mimi.

Nililikuta Gitega, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyojengwa wakati wa utawala wa Wabelgiji, ambayo warithi walikuwa wakiitoa vyombo ili waipangishe. Gitega ulianzishwa na Wajerumani kuwa kituo chao mwaka 1912, Wabelgiji wakaurithi, na tangu 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Kwa hiyo nyumba za watumishi wa serikali za kale hazikosekani huko. Jiko lilikuwa limetupwa uani, limegeuzwa meza ya kuanikia vyombo. Wenyewe walitaka kuliuza kwa mzani kama chuma chakavu. Nikatoa bei ya mbuzi wawili, wakanitazama kwa huruma, tukapeana mikono.

Huenda ukauliza nilivutiwa na nini. Kwanza ni uzito wake: sahani nne za chuma cha kusubu, oveni yenye mlango unaofunga kama sanduku la fedha, na enameli nyeupe ambayo chini ya masizi ilikuwa bado inang'aa. Pili ni parafujo zake. Kila kipande kilikuwa kimefungwa kwa parafujo iliyoweza kufunguliwa, jambo ambalo vyombo vya siku hizi vimelisahau. Nyuma palikuwa na kibati chenye maandishi ya Kifaransa na Kiholanzi, na tarakimu mbili zilizosomeka: volti 220, wati 8,000. Kumbuka tarakimu hiyo ya pili.

Lilisafiri juu ya lori la saruji, likavuka mto Ruvubu, likapita Karuzi na Muyinga hadi kwetu Giteranyi, na vijana wanne walihitajika kulishusha. Fundi wetu wa umeme, aliyejifunzia kazi Kahama na anayeongea Kiswahili cha huko kwa madaha, alilizunguka mara mbili. "Mwalimu," akasema, "hili halijafa, limelala tu." Hata hivyo alikataa katakata kulichomeka.

Alikuwa na sababu. Ukifungua jiko la miaka hiyo unaweza kukuta kamba ya kijivu imezunguka mlango wa oveni na ubao laini umekaa nyuma ya sahani. Mara nyingi hiyo ni asibesto, nyuzi za madini zisizoungua, ambazo zikivutwa pumuani huweza kuleta saratani miongo kadhaa baadaye. Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku tangu 2005. Basi usizipige brashi, usizikwangue zikiwa kavu. Tulizilowesha kwa maji ya sabuni, tukazitoa polepole huku tumefunika pua na mdomo, tukazifunga katika mifuko miwili ya plastiki na kuzifukia shimoni, mbali na shamba na kisima. Watoto walifukuzwa uani siku nzima.

Baada ya hapo kazi ilikuwa tamu. Kutu ya sahani ilitoka kwa brashi ya waya na msasa, kisha kila moja ikapakwa mafuta kidogo mno ya kupikia. Fundi akachukua kipimo chake na kunionyesha hesabu ambayo wanafunzi wangu wa fizikia huichukia: zidisha volti kwa volti, gawanya kwa wati, utapata omu. Sahani ya wati 1,500 kwa volti 220 inapaswa kuwa na omu 32 hivi. Mbili zilisoma hivyo. Ile ya wati 1,000 ilisoma 48. Ya nne, kubwa kuliko zote, ya wati 2,000, haikusoma chochote. Waya wake ulikuwa umekatika ndani.

Waya wenyewe ni wa aloi ya nikeli na kromi, ambayo Mmarekani Albert Marsh aliipatia hataza mwaka 1906. Kabla yake mafundi walihangaika kupata waya wa kuwaka mwekundu kila siku bila kuteketea. Aloi hii inapopata moto huvaa ngozi nyembamba ya kromi iliyoungana na oksijeni, na ngozi hiyo huizuia hewa isiendelee kuila. Ndani ya kila sahani mna koili kadhaa, na kitufe chenye alama 0 hadi 6 huziunganisha kwa namna mbalimbali: zikifuatana moja baada ya nyingine, moto huwa hafifu, zikikaa sambamba, moto huwa mkali. Hakuna kingine humo, na ndiyo maana fundi wa kijijini anaweza kulitengeneza.

Tatizo lilikuwa unyevu. Poda inayozitenga koili na chuma hunyonya maji kutoka hewani kama chumvi, na umeme hupata njia ya kuvujia kwenye mwili wa jiko. Sahani zilianikwa juani siku tatu, bado kipimo kikalalamika. Mwishowe shangazi yangu akawasha makaa machache, tukazipanga juu yake mchana kutwa zikauke. Alicheka sana kwamba jiko la umeme limeponywa na jiko la mkaa. Fundi akapigilia ardhini fimbo ndefu ya chuma, akaiunganisha na mwili wa jiko, na hapo tu ndipo alipokubali kuliwasha.

Hapa nikuombe usimame kidogo kwenye neno. Umeme kwa Kiswahili ni ule mmweko wa radi, kabla haujawa huu wa kwenye waya. Kirundi husema umuyagankuba, yaani upepo wa radi. Lugha zote mbili zimekiita kitu hiki kwa jina la kinachoshuka kutoka mbinguni, kisicho na mwenyewe. Nadhani jina hilo limetudanganya kidogo, kwa maana umeme wa nyumbani una mahali unapotoka na una kiasi chake.

Twende kwenye tarakimu ya kibati. Jiko langu likiwashwa lote, wati 8,000, linakula sawa na taa 1,000 za wati 8 za aina hizi mpya. Linataka ampea 36, na swichi kuu ya nyumba yangu ni ya ampea 15. Fundi alishauri niombe laini kubwa zaidi. "Si unalipa, Mwalimu? Uniti unanunua kwa fedha yako, nani atakuuliza?"

Swali lake ni zuri, na wananchi wengi hujibu kama yeye. Ila ukinunua uniti unalipia kiasi cha umeme utakachotumia; hununui nafasi kwenye waya saa moja jioni, wakati kila nyumba imewasha. Nafasi hiyo ni ya pamoja. Kwenye laini yetu kuna nyumba zenye taa mbili na redio, na kuna kituo cha afya chenye jokofu la chanjo.

Hesabu hiyo inakwenda hadi Rusumo, ambako si mbali na kwetu. Mto Ruvubu, ambao jiko langu liliuvuka juu ya lori, hupokea Ruvyironza, mto unaobeba maji ya chemchemi ya Rutovu inayohesabiwa kuwa chanzo cha Nile cha kusini kabisa. Kisha hugeukia kaskazini-mashariki, hufuata mpaka wetu na Tanzania, na kuungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Hapo Burundi, Rwanda na Tanzania zimejenga kituo cha kuzalisha umeme cha megawati 80, kinachogawanywa sawasawa kwa tatu. Fungu la Burundi ni kama megawati 27. Gawanya kwa wati 8,000: majiko 3,333 kama langu, yakiwashwa kwa pamoja, yanalimaliza fungu zima.

Waya mkubwa kutoka Rusumo hupita Muyinga kwenda Gitega. Nimewasikia watu wakinung'unika kwamba umeme unapita juu ya vichwa vyao na wao wako gizani. Manung'uniko yana haki ndani yake, lakini waya ule hubeba volti 220,000, na haukatwi tawi kama mti wa mwembe. Panahitajika kituo cha kupoza, transfoma, nguzo na laini ndogo, na kila kimoja ni fedha na uamuzi wa mtu fulani ofisini. Mwananchi anayejua hivyo atauliza swali lenye jibu: transfoma yetu imepangwa katika bajeti ya mwaka gani?

Basi sikuomba laini kubwa. Fundi alifunga swichi ya kuchagua, ili sahani mbili tu ziwake kwa wakati mmoja, na oveni isiwake pamoja nazo. Alinung'unika, kwa sababu alitamani kuliona likiwaka lote walau mara moja. Kazi yake ni safi hata hivyo.

Jambo ambalo sikulitegemea lilianza wiki ya pili. Maharage, chakula chetu cha kila siku, hula kuni nyingi kuliko kitu kingine chochote, na moshi wake ndio unaowakohoza mama zetu. Jirani mmoja akaja na chungu chake. Kesho yake wakaja watatu. Tukapima kwa mita: chungu cha maharage yaliyolowekwa usiku kucha hutumia uniti moja hivi, kisipolowekwa huzidi. Tukaanzisha daftari. Kila mtu huandika namba ya mita kabla na baada, na hulipa tofauti. Saa za jioni haturuhusu, zimeachiwa taa. Shangazi yangu ndiye mweka hesabu, ingawa yeye mwenyewe angali anadai kwamba maharage ya umeme hayana harufu.

Ugomvi umekuwapo, usidhani tumekuwa malaika. Mjane mmoja wa mtaani hana fedha za uniti, akapendekezwa apike bure. Baba mmoja akapinga, akisema leo ni huyu, kesho ni sisi sote. Tulikaa kikao, tukazungumza hadi giza likaingia, na uamuzi ukawa kwamba mjane alipe kwa kufagia jiko na kuloweka maharage ya wengine. Yule baba hakuridhika. Aliomba neno lake liandikwe katika daftari, likaandikwa.

Sasa limezuka jingine. Sahani ya nne bado ni mfu, na fundi anasema anaweza kuitafuta nyingine Kahama, ipite forodha ya Kobero. Wengine wanataka fedha hizo zinunue sufuria ya presha ya umeme, ya wati 1,000, inayopika maharage haraka kwa sehemu ndogo tu ya umeme tunaotumia sasa. Jiko ni langu, moyo wangu uko kwenye sahani, na fundi yuko upande wangu. Kikao ni Jumapili baada ya ibada, na mimi nitapigia kura sufuria.