Mteja Yuko Kanada, Mwili Uko Dubai

Wasee, leo sina video ya kuchekesha. Kuna swali naulizwa kila wiki na watu wanaopanga kwenda nje: ukiwa na visa ya kazi, unaweza kumfanyia kazi mteja wa nchi nyingine usiku, kwa laptopu yako? Nilijibu swali hilo vibaya mwenyewe, kwa hivyo acha niwaambie vile ilienda.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Mathe akachukua mkopo kwa chama, laki moja na nusu, nikapanda ndege kwenda Dubai kutengeneza kahawa kwenye mkahawa. Mshahara dirham 1,800 kwa mwezi. Ukiwa Rongai hiyo inaonekana ni pesa nyingi. Ukitoa chakula, bando na pesa ya kutuma nyumbani, unabaki unahesabu siku. Chumba kimoja tulilala watu sita.

Kuhariri video nilijifunza chuoni, masaa ambayo nilipaswa kuwa darasani. Nikiwa Dubai nikapata jamaa wa Toronto mwenye chaneli ya YouTube. Dola 400 kwa mwezi. Natoka shifti saa nne usiku, kwao ni saa nane mchana, naingia chini ya blanketi na laptopu nisiwaamshe wenzangu. Macho yalikuwa mekundu lakini roho ilikuwa fiti. Kahawa ilikuwa ya kulipa deni. Video ndiyo kazi niliyoitaka.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mteja ni wa Kanada, pesa inaingia akaunti ya Kenya, hakuna mtu wa Dubai nimemnyang'anya kazi. Shida iko wapi?

Siku moja nikasinzia kwa kaunta, maziwa yakaungua. Msimamizi wetu, Mtanzania wa Tanga, akaniuliza nafanya nini usiku. Nami kwa kujidai nikamwonyesha video. Hakunigombeza. Alifunga mlango wa stoo, akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, hii usimwonyeshe mtu mwingine. Kibali chako kina mwajiri mmoja. Umekisoma?"

Sikuwa nimekisoma. Usiku huo nikaanza kusoma.

Sheria haiangalii pesa inatoka wapi. Inaangalia umekaa wapi ukifanya kazi, na mimi nilikuwa nimekaa Dubai. Huko kibali kinakufunga kwa mwajiri aliyekiomba, na kufanya kazi nje yake kunaweza kukuletea faini na kurudishwa kwenu. Njia za halali zipo. Kuna kibali cha kazi ya muda, lakini kinaombwa na kampuni iliyosajiliwa huko, si jamaa wa Toronto na kamera yake. Kuna visa ya wanaofanyia kazi waajiri wa nje kwa mtandao, ila lazima uonyeshe kipato cha dola 3,500 kwa mwezi. Mimi na dola zangu 400!

Kilichonikosesha usingizi ni mathe. Mkopo uko kwa jina lake. Nikirudishwa ghafla, wamama wa chama hawatanitafuta mimi, watabisha kwake.

Nikamwandikia jamaa wa Toronto ukweli, nikamwomba anisubiri miezi saba mkataba uishe. Akasema atajaribu. Ile miezi saba ilikuwa mirefu, wasee. Kuna usiku nilifungua laptopu, nikaiangalia, nikaifunga.

Deni likaisha, mkataba ukaisha, nikarudi. Jamaa alikuwa ameshapata mtu mwingine. Iliniuma, na bado inaniuma kidogo.

Sasa niko kwa bedsita yangu Rongai na wateja wawili wa nje. Kazi ni ile ile, lakini hapa ni kwetu, sihitaji visa. Ninachodaiwa ni kutangaza mapato yangu kwa KRA. Na tusijifanye kwamba ni Waarabu tu: tangu 2024 Kenya pia ina kibali cha Class N kwa wageni wanaokaa hapa wakifanyia kazi waajiri wa nje. Yule mzungu wa Kilimani mwenye laptopu pia anaulizwa amekaa wapi.

Maoni yangu? Mwenye dola 3,500 anakaribishwa mlangoni, mwenye 400 anajificha chini ya blanketi, na wote wanabofya vitufe vile vile. Hiyo si haki, na nitaendelea kusema. Lakini kitu kuwa si haki hakikuzuii kupandishwa ndege ya kurudi.

Kwa hivyo kama unaenda, soma kibali chako ukiwa bado nyumbani, na uulize kuhusu hiyo kazi ya usiku kabla ya kusaini. Usingoje kuambiwa ndani ya stoo. Mimi nilibahatika, aliyeniambia alifunga mlango kwanza.