Bando la Mama

Machi 2023 nilikuwa nyumbani Muleba, sina kazi, nina shahada na simu yenye kioo kilichopasuka. Mama alikuwa na miaka 61, amestaafu uuguzi, ingawa kijijini kwetu muuguzi hastaafu. Watu waliendelea kubisha hodi usiku wakiwa wamebeba watoto wenye homa, naye aliendelea kuamka.

Tarehe 21 mwezi huo Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba Vijijini, ambao siku chache kabla uliitwa tu ugonjwa usiojulikana, ni Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania kuuthibitisha. Redioni walisema unaambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu, na kwamba hauna chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Mama alizima redio. Nilidhani ameogopa. Kumbe alikuwa anatafuta daftari.

Siku mbili baadaye rafiki niliyesoma naye, muuguzi mjini Bukoba, alinitumia tangazo kwa WhatsApp: mafunzo ya mtandaoni kuhusu Marburg, kwa watoa huduma za afya na kwa jamii, saa tisa alasiri, bure. Nilimsomea Mama nikitarajia aseme hayo ni ya vijana. Akaniuliza kama na wastaafu wanaruhusiwa.

Neno "bure" lina mambo yake. Bando lilikuwa la shilingi 2,000, na siku ile shilingi 2,000 ilikuwa ya sabuni na mafuta ya taa. Mtandao haukamati ndani ya nyumba yetu. Tunaupata mwisho wa kibanja, ukishapita migomba na mibuni, juu ya jiwe kubwa ambalo tukiwa wadogo tulikuwa tunaanikia kahawa. Tukabeba mkeka, daftari, kalamu mbili na chupa ya chai. Mama alivaa gauni la kwenda kanisani. Nilimwambia hawatamwona, kamera imezimwa. Akasema yeye atawaona.

Watu walikuwa zaidi ya mia, majina yamepangana kwenye kioo changu kilichopasuka: Bukoba, Mwanza, Dodoma, Nairobi, Kampala. Mtoa mada alizungumza Kiingereza, taratibu, mtu wa watu kabisa, na mimi nikawa namnong'oneza Mama. Siku mbili hadi 21 tangu kuambukizwa mpaka dalili kuanza. Popo wanaokula matunda. Jina limetoka kwenye mji wa Ujerumani ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kushika tumbili walioletwa kutoka Uganda. Hapo Mama aliinua kichwa, akatazama upande wa Uganda kana kwamba anaiona, kisha akaendelea kuandika.

Slaidi iliyofuata ilihusu mazishi. Nilitafsiri: mazishi salama na yenye heshima.

"Heshima ya nani?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nikaendelea kutafsiri.

Lazima nieleze kwa nini mwanamke yule alikuwa juu ya jiwe, juani, na gauni la kanisani. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa kwetu Kagera. Kabla watu hawajalijua jina hilo waliuita ugonjwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinaletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Mama alikuwa msichana wa miaka 21, ndiyo kwanza ameanza kazi ya wodini. Dada yake mkubwa aliugua miaka michache baadaye. Mama alimuuguza, alimwosha, alimzika, na muda wote huo, anasema, hakuna aliyemweleza chochote. Walikuwa wanaulizana wao kwa wao wakati wa kufua mashuka. Daktari mgeni akipita walisubiri labda atasema neno. Mama hajawahi kunisimulia zaidi ya hapo, nami nimeacha kuuliza.

Kwa hiyo ninaposikia wenzangu mjini wakidhihaki mafunzo haya ya mtandaoni, kwamba watu wanafuata cheti tu, huwa nakubali nusu. Kuna ninaowajua wanaofungua Zoom na kwenda kupika. Na kweli, baada ya Shirika la Afya Duniani kufungua jukwaa lake la kozi za bure, OpenWHO, mwaka 2017, na baada ya janga la korona kutuhamishia sote kwenye vioo, vyeti vimekuwa vingi kuliko kuta za kuvitundika. Lakini wazo lenyewe lilianza na foleni ya wagonjwa. Mwaka 2003 huko New Mexico, Marekani, daktari mmoja wa ini, Sanjeev Arora, aliona wagonjwa wakimsubiri miezi na miezi. Akaanza kukutana kwa video na wahudumu wa kliniki za mbali ili watibu wenyewe huko huko. Ndivyo ulivyozaliwa mradi wa ECHO. Wahudumu wanaleta wagonjwa wao halisi, wanajadiliana. Mtaalamu anafundisha, na yeye anafundishwa.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo niliyoishuhudia juu ya jiwe.

Ulipofika wakati wa maswali Mama alinitaka niandike la kwake: "Nikifika msibani na mfiwa akaja kunikumbatia, nifanye nini?" Niliona haya. Wengine walikuwa wanauliza habari za vipimo na mavazi ya kinga. Nikaandika. Mtoa mada alilisoma, akasema ni swali muhimu, akashauri kuepuka kugusana. Mama aliguna. Hilo alishalijua.

Ndipo ukaingia ujumbe kutoka kwa muuguzi wa Mubende, Uganda, ambako Ebola ilikuwa imeisha Januari ile ile baada ya miezi karibu minne. Aliandika kwa lugha yao ya magharibi, ambayo na Kihaya ni ndugu. Nilitaka kumsomea Mama, akaninyang'anya simu. Alisoma peke yake, midomo ikicheza. Yule muuguzi alisema: usirudi nyuma, kwa sababu ukirudi nyuma unamwambia mfiwa kwamba ananuka. Simama hatua mbili kabla hajakufikia. Weka mkono kifuani, inama, mwite kwa jina la ukoo wake, na usiwe wa kwanza kunyanyuka.

Mama alikuwa ananakili neno la mwisho bando lilipoisha. Cheti hatukupata, kilikuwa cha waliokaa mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata alifariki mume wa jirani yetu, mzee aliyeugua kisukari miaka mingi. Haikuwa Marburg na kila mtu alijua. Lakini Mama alikuwa ameshatembea nyumba kwa nyumba na daftari lake akisema msibani tusishikane, na hakuona namna ya kujitolea ruhusa. Jirani yule ni mwenzake, walinyonyeshana watoto. Alipomwona Mama akiingia alinyanyuka mkekani, mikono wazi. Mama akasimama hatua mbili kabla. Mkono kifuani, akainama, akamwita kwa jina la ukoo.

Ile mikono ilibaki hewani. Kisha ikashuka. Mama alikaa ameinama mpaka nikaogopa mgongo wake.

Hawakusemeshana Aprili yote, wala Mei. Wanawake wengine walisema Mama amejifunza maringo kwenye simu. Yeye hakujitetea, alipalilia maharage. Juni 2 ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha: watu 9 waliugua, 6 walifariki, mmojawapo mhudumu wa afya. Kesho yake Mama alifunga kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, akaenda kwa jirani. Alirudi giza limeingia. Sikuuliza.

Januari 20, 2025 nilikuwa kazini mjini Bukoba Rais Samia alipotangaza kwamba Marburg imerudi Kagera, safari hii Biharamulo, wilaya inayopakana na yetu. Kabla sijamaliza kusoma habari, simu iliita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wameshaweka mafunzo?"

Nikamwambia bado, nitaangalia.

"Basi nirushie bando. Na liwe la kutosha," akasema, kisha nikamsikia akimsogezea mtu nafasi, "maana huku kwenye jiwe tuko wawili, na mwenzangu macho yake hayaoni vizuri, itabidi nimsomee."