Kutoka Ziwa Kivu Hadi Kacyiru: Ndugu Wawili na Rangi Zao

Msafiri ashukaye Gisenyi, makao ya wilaya ya Rubavu huko Rwanda, hupokewa na Ziwa Kivu. Jua likizama, wavuvi huondoka pwani wakiimba, mitumbwi yao imefungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, kwenda kuvua sambaza. Ng'ambo ya mpaka uko mji wa Goma, na juu yake mlima Nyiragongo, uliolipuka mwaka 2002 na tena 2021. Buluu ya maji, weusi wa mawe ya volkano, kijani cha migomba: mchoraji hapungukiwi kitu hapa.

Si ajabu basi kwamba shule ya sanaa ilianzishwa karibu na mji huo, huko Nyundo. Lakini mauaji ya kimbari ya 1994 hayakuipita Nyundo. Nchi ilipoanza kujijenga upya, watu walitafuta kwanza paa, chakula na jamaa zao waliopotea. Nani angejali picha?

Jibu hupatikana mwisho wa barabara ipitayo Nyundo, kilometa 150 hivi kutoka Gisenyi, katika mtaa wa Kacyiru mjini Kigali. Mwaka 2007 mchoraji Collin Sekajugo alifungua huko kituo cha Ivuka, maana yake kuzaliwa, ili wachoraji wafanye kazi pamoja. Mwaka 2012 wakafuata ndugu wawili, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza, wakafungua Inema, neno lililo jamaa ya neema yetu.

Ndugu hao walijifunza sanaa wenyewe. Asiye na mwalimu humhitaji mwenzake wa kumwambia kweli: hapa umepatia, pale umekosea. Na undugu peke yake hautoshi, kwani ndugu wangapi wametengana kwa ajili ya duka moja au shamba moja? Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune.

Mavuno ya mapatano hayo hayakubaki nyumbani mwao. Wangaliweza kufunga mlango na kuuza picha zao tu. Badala yake waliwapa wasanii wengine kumi hivi nafasi ya kufanyia kazi. Watoto yatima wakafundishwa kuchora, vijana wakacheza ngoma za jadi, akina mama wakapata kazi ya mikono ya kuwaletea kipato. Hivyo sanaa iliyodhaniwa anasa ikawa riziki, na kwa mtoto aliyepoteza wazazi ikawa faraja.

Katika nyumba nyingi, kambini na mitaani, yumo mtoto achoraye ukutani kwa mkaa. Kabla ya kumkaripia, mzazi na ampe karatasi. Kisha amtafutie mwenzake wa kuchora naye, kwa maana hata mvuvi wa Kivu hatoki na mtumbwi mmoja.