Kubebwa nako ni kazi

Wazazi wengi wakisikia Mathayo 18, pale Yesu anapomweka mtoto mdogo katikati ya wanafunzi wake, humfikiria mtoto mpole aliyevalishwa nguo za Jumapili. Anayelea anajua vingine. Mtoto mdogo hulia usiku wa manane, hudai, huchafua shuka, na haoni aibu kubebwa. Hapo ndipo mtu mzima anaposhindwa, hasa mama au baba ambaye nyumba nzima inamwegemea.

Zélie Martin wa Alençon, Ufaransa, alikuwa mzazi wa aina hiyo. Alikuwa na biashara yake ya lesi, na mume wake aliacha kazi ya saa ili amsaidie. Alizaa watoto tisa, akazika wanne. Januari 1873 alijifungua wa mwisho, Thérèse, na baada ya wiki chache kichanga kikaanza kudhoofika. Zélie hakuweza kumnyonyesha. Alitoka asubuhi kwa miguu hadi kijiji cha Semallé, kumwomba mke wa mkulima, Rose Taillé, ampe mtoto wake maziwa. Thérèse akalelewa kwa Rose karibu mwaka mzima, akapona.

Hebu mzazi ajiweke hapo: mwanamke mwenye kazi na heshima mjini, anakwenda kwa mwanamke maskini kukiri kwamba mwili wake umeshindwa jambo ambalo kila mtu hudhani mama huliweza tu.

Zélie huyohuyo alikuwa na uvimbe kwenye titi. Alimwandikia mdogo wake wa kiume, aliyesomea ufamasia, habari za uvimbe huo mwaka 1865. Kazi na watoto vikaendelea. Ilipofika 1876 na maumivu kuzidi, ndipo akaonana na daktari, na upasuaji ukaonekana umechelewa. Alifariki Agosti 1877, Thérèse akiwa na miaka 4.

Si haki kumlaumu, maana upasuaji wa siku zile ulikuwa wa kutisha. Ila mama wa namna yake yupo hata leo: kadi za kliniki za watoto zimejaa, yeye mwenyewe hajawahi kupimwa. Akiulizwa, hujibu kwamba Mungu atamlinda. Wakati mwingine jibu hilo ni imani. Wakati mwingine ni woga uliovishwa kanzu, au mazoea ya kujiona nguzo ambayo ikiondoka kwa siku moja tu paa litaanguka.

Thérèse aliingia utawa wa Karmeli mjini Lisieux mwaka 1888, akiwa na miaka 15. Wakatoliki wengi wanamjua kama Teresia wa Mtoto Yesu na wamesikia habari za njia yake ndogo. Alipokuwa safarini kwenda Italia alikuwa ameona lifti, kitu kigeni wakati ule, na baadaye akaandika kwamba kwake lifti ni mikono ya Yesu, kwa kuwa yeye ni mdogo mno kuzipanda ngazi za ukamilifu. Maneno hayo yananukuliwa sana kwenye kadi zenye maua ya waridi. Watu husahau kwamba aliyeyaandika alikuwa anakufa kwa kifua kikuu.

Alianza kutema damu usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya 1896. Tiba ya kweli ya ugonjwa huo haikuwapo. Ilisubiri miaka ya 1940. Katika miezi hiyo ya mwisho imani yake nayo iliingia giza, akahisi kama mbinguni hakuna kitu, akaendelea kusali hivyohivyo. Aliuguzwa na dada zake wa damu, waliokuwa watawa humohumo. Aliwaonya kwamba mgonjwa mwenye maumivu makali asiwekewe dawa zenye sumu karibu na kitanda.

Alifariki Septemba 30, 1897, akiwa na miaka 24.