Ukumbi wa Wapiganaji

Yako mambo ambayo mtu aliyesoma hudhani hayamhusu, na mieleka ya kulipwa ni mojawapo. Nakuomba, msomaji wangu, uweke kando dharau hiyo kwa muda, tusafiri pamoja mpaka Meksiko. Kisha nitakurudisha hapa Kenol kabla hujachoka.

Huko Meksiko mieleka ni kama ibada ya watu wa kawaida. Mwaka 1933 mtu aliyeitwa Salvador Lutteroth alianzisha kampuni ya kuiandaa, na mwaka 1956 ukafunguliwa katika mji mkuu uwanja wake mkubwa wenye paa, uitwao Arena México. Wanamieleka wengi huingia ulingoni wamevaa barakoa inayofunika kichwa kizima. Barakoa hiyo ndiyo heshima ya mwenyewe. Huweza kuiwekea dau, na akishindwa huivua mbele ya umati, na jina alilopewa na wazazi wake likatangazwa. Aliyevuma kuliko wote, El Santo, aliuficha uso wake hadharani kwa zaidi ya miaka arobaini. Alipofariki mwaka 1984 alizikwa na barakoa yake.

Kampuni nyingine, iitwayo AAA, ilianzishwa mwaka 1992 na Antonio Peña. Bwana huyu alifariki mwaka 2006, na mwaka uliofuata kampuni ilifungua kile inachokiita Ukumbi wa Sifa, jina lake likawa la kwanza kuingizwa. Tangu hapo wengine wamefuata. Neno "ukumbi" lisikudanganye, kwani kiini cha jambo si matofali. Kiini ni kwamba jina la mtu aliyeumia miaka mingi kwa ajili ya furaha ya wengine hutajwa kwa sauti mbele ya hao hao waliofurahi.

Utaniambia: Mwalimu, lakini matokeo ya mieleka hiyo hupangwa kabla. Ni kweli, wala sitaki kukuficha. Lakini shingo haipangwi. Anayeruka kutoka juu ya kamba za ulingo huanguka kwa uzito wake mwenyewe, na goti likiteguka limeteguka. Mimi binafsi nimewaona watu wenye vyeo vikubwa ambao kazi yao yote imepangwa kabla, wala hawateguki chochote, nao hupewa nishani.

Sasa, kwa nini nakusimulia habari za nchi ya mbali, wewe unayekaa katika miji ya chini ya Mlima Kenya? Kwa sababu Arena México ile ile imekwisha kushuhudia ngumi za mtu wa kwetu. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Meksiko, na mashindano ya ndondi yakawekwa katika uwanja huo. Kutoka Kenya alikwenda Philip Waruinge, mpiganaji wa uzito wa unyoya, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa ametwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Kingston. Katika nusu fainali alikutana na Antonio Roldán, kijana wa Meksiko, mbele ya watu wa Meksiko. Waamuzi walikuwa watano. Watatu walimpa Roldán, wawili wakampa Waruinge. Basi Roldán akaendelea mpaka dhahabu, na Waruinge akabaki na shaba, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa ndondi za Kenya.

Hadithi ingeishia hapo kama isingekuwa kikombe kiitwacho Val Barker. Kikombe hiki kilikuwa kikitolewa kwa bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wote katika Olimpiki nzima, na kwa kawaida kilikwenda kwa mmoja wa washindi wa dhahabu. Mwaka ule alipewa Waruinge. Yafikiri hayo kwa utulivu. Mtu ameshindwa kwa kura moja katika nyumba ya mpinzani wake, kisha anaambiwa kwamba miongoni mwa mabondia wote waliokuja kutoka pembe zote za dunia hakuna aliyepigana vizuri kama yeye.

Mwaka 1970 alitwaa tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola, safari hii Edinburgh, na mwaka 1972 akapata fedha ya Olimpiki huko Munich. Kisha akaenda Japani kupigana kwa malipo. Huko alijulikana ulingoni kwa jina la Waruinge Nakayama, na kwa jina hilo aligombania taji la dunia mwaka 1976, asilipate. Wanamieleka wa Meksiko huficha jina la kuzaliwa ili wakumbukwe kwa jina la ulingoni. Waruinge alibeba jina la nyumbani, likashonewa kiraka cha ugenini, na huku nyumbani likaanza kusahauliwa.

Mji wetu wa Kenol una somo lake kuhusu majina. Uko njia panda, pale barabara itokayo Nairobi na Thika inapogawanyika, tawi moja likielekea Murang'a mjini na jingine Sagana, Karatina na Nyeri. Haukupewa jina la mzee wala la shujaa. Uliitwa kwa jina la kituo cha mafuta. Mwaka 2019 kampuni iliyokuwa na jina hilo ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa, na vibao vya vituo vikabadilishwa. Lakini nenda stendi alfajiri ukawasikilize makanga: "Kenol! Kenol!" Mwenye jina amekwisha kuondoka na jina limebaki, kwa kuwa lina kazi midomoni mwa watu kila siku. Iten wamejenga lango juu ya barabara kumwambia msafiri kwamba anaingia katika makao ya mabingwa, nami nawasifu. Ila lango nalo huweza kuzoeleka kama mti.

Nilipoliuliza darasa langu linitajie wapiganaji mashuhuri, mikono ilinyanyuka mingi. Nikapewa John Cena, nikapewa Undertaker, nikapewa Rey Mysterio na rangi za barakoa zake zote. Nilipomtaja Waruinge palikuwa kimya. Sikuwalaumu. Televisheni huwatajia wale wengine kila jioni. Hawa wetu ni nani amewatajia?

Nikanunua daftari, nikaandika juu yake "Ukumbi," nikaliagiza darasa: kila mmoja aende kwao akawaulize wakubwa jina moja la mpiganaji na habari zake za hakika. Juma lililofuata akaja Robert Wangila, aliyeshinda dhahabu ya ndondi Seoul mwaka 1988 na kufariki mwaka 1994 baada ya pigano huko Las Vegas. Akaja Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa mabondia wa ridhaa mwaka 1978. Kijana mmoja alimleta Catherine Ndereba wa Nyeri, aliyekimbia marathoni ya Chicago ya mwaka 2001 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, rekodi ya dunia kwa wanawake wakati ule. Mimi nilikuwa nimeomba wapiganaji, lakini hoja yake kwamba maili ya ishirini ni pigano pia haikunipa nafasi ya kukataa.

Mwisho akasimama msichana mmoja mpole, akasema amemleta babu yake mzaa mama. Alimkuta anapukuchua mahindi, akamwuliza, "Guka, uliwahi kupigana ngumi?" Mzee akaliacha gunzi, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nani amekutuma uniulize?" Katika ujana wake alikuwa bondia wa timu ya kazini kwake, na nyumbani hapakuwa na mjukuu aliyejua. Alisimama uani akamwonyesha namna ya kukaa na mkono wa kushoto mbele. Kisha akatoa agizo: "Mwambie mwalimu wako kwamba nilishindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda. Aandike hivyo hivyo."

Tuliandika hivyo hivyo. Daftari lina kurasa 96, nasi tumefikia ya 11. Mzee yule yuko ukurasa wa nne, mstari wa pili, chini ya Waruinge.