Fungu la Kabla ya Moto

Shule zinapofunguliwa, steji ya magari mjini Nyeri hujaa masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa na ndoo zilizoandikwa majina. Mzazi huikagua orodha aliyopewa: sare, blanketi, sabuni, kufuli. Huhesabu kila kitu mara mbili, kisha humpandisha mwanawe garini. Katika orodha hiyo hamna pa kuuliza mlango wa bweni hufunguka kuelekea wapi.

Swali hilo lina uzito wake Nyeri. Mwaka 1999, viranja 4 wa shule ya upili ya Nyeri High waliuawa kwa moto wakiwa shuleni. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwekwe vyuma, na baina ya vitanda pawe na nafasi ya mita 1.2. Hata hivyo, usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto ulizuka katika bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, eneo la Kieni. Zaidi ya watoto 150 walikuwa wakilala humo. Watoto 21 walifariki, na taifa likaomboleza kwa siku 3.

Matanga yakishaanuliwa, suala la fedha hubaki. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti huduma za zimamoto na usimamizi wa majanga. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo iliziruhusu kuwa na Hazina ya Dharura, ambayo malipo yake kwa mwaka hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Lakini hazina hiyo hufunguliwa kwa haja ya haraka isiyotarajiwa. Hapo ndipo penye fumbo. Je, ni nani Nyeri asiyeutarajia moto? Mlima Kenya uliwaka mwaka 2012, na Aberdare ikawaka Februari 2022. Kiangazi kina majira yake, na mabweni ya mbao yanaonekana na kila apitaye njia.

Basi fedha za jambo linalotarajiwa hazina budi kutafutwa kwingine: za kukagua mabweni, kuweka matangi ya maji vijijini, na kuwafunza majirani, maana huko mashambani jirani mwenye ndoo ndiye hufika kabla ya gari la zimamoto. Aghalabu matumizi ya namna hii hushindwa katika bajeti. Barabara mpya huzinduliwa kwa vigelegele; moto ambao haukutokea hauna wa kuushangilia.

Njia ipo, wala si ngeni. Ibara ya 202 ya Katiba inairuhusu serikali kuu kuzipa kaunti fedha za ziada, zenye masharti au zisizo na masharti. Kwa miaka kadhaa baada ya ugatuzi, hospitali kuu za Nyeri, Embu na Meru zilitengewa ruzuku yenye masharti kwa kuwa ziliwahudumia pia wagonjwa wa kaunti jirani. Mpango wa FLLoCA, ulioidhinishwa mwaka 2021, nao ulizipa kaunti ruzuku za kukabili athari za tabianchi, huku kamati za wadi zikishiriki kuchagua miradi. Moto wa mlimani haujui mpaka wa Nyeri na Kirinyaga, na bweni la Kieni hulaza watoto waliotoka mbali. Hoja iliyozifaa hospitali inaufaa pia utayari.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ruzuku ya utayari, yenye sharti kwamba isigeuzwe kwa kazi nyingine, ingekuwa fedha ya kuuzibia ufa huo. Hadi itakapopatikana, mzazi aliye stejini na aongeze swali moja katika orodha yake, na asione haya kuliuliza langoni mwa shule kabla ya kuliacha sanduku.